Aliyekunywa na Aliyebeba

— Behija, mbona hunitazami? Nilisema nitarudi, nimerudi.

Rusmir alisimama mbele ya Sebilj, bomba la kale la maji ya umma, njiwa wamemzunguka miguuni. Amevaa koti jipya la Ujerumani. Langu lilikuwa la marehemu mama. Vita vilikwisha majuzi tu, na Sarajevo nzima ilikuwa imechoka hata kufurahi.

— Siku nilipoondoka na basi la mwisho kabla mji haujazingirwa, ulininywesha maji haya kwa mkono wako. Wazee wanasema tangu enzi za Waturuki, anayekunywa maji ya Sebilj lazima arudi. Karatasi zako tayari. Twende Stuttgart, tukaoane.

— Uliniandikia barua ngapi, Rusmir?

— Barua hazikufika, mpenzi.

— Za wenzako zilifika.

Akaipangusa kola ya koti lake. Kisha:

— Mama hajambo?

— Tulimzika mwaka juzi.

— Pole. Sikujua.

— Mabomba yalikuwa makavu mji mzima. Unajua maji ya kumwoshea yalitoka wapi?

Angejuaje? Hakija, jirani yetu wa chini, alivuka daraja mara mbili siku ile, risasi zikilia, madumu mawili kila safari, kutoka kisima cha kiwanda cha bia hadi ghorofa ya sita. Halafu akaomba radhi kwa yaliyomwagika ngazini.

Na sasa alikuwa pale pembeni, amelikalia sanduku langu, maana nilikuja tayari kwa safari. Alinibebea kutoka nyumbani. Kishikio kilichokatika amekifunga kwa waya, bila kuombwa.

— Nenda, jirani, akasema, macho kwa njiwa. Huko maji ya moto yanatoka ukutani.

— Unanifukuza?

— Nakuonea huruma. Umechoka.

— Na wewe?

— Mimi mgongo tu.

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mama afe.

— Hakija, umewahi kunywa maji ya hapa?

— Ya nini? Sikuondoka popote. Ninywe nirudi wapi?

— Behija, gari linangoja! Rusmir akaita.

Nikakinga viganja chini ya bomba, nikampelekea Hakija.

— Kunywa. Jumatatu unaanza kazi kwenye reli ya tramu. Nataka kila jioni urudi, na urudi kwangu.

Alikunywa viganjani mwangu, nusu ikamwagikia kifuani. Rusmir akatusogelea. Kisha akatoa leso yake, akampa Hakija ajifute. Wema huo nao sijausahau.

Wajukuu huniuliza kama hadithi ya Sebilj ni kweli. Nawaambia wanyamaze kidogo, wasikilize ngazi: babu yao anapanda na mkate.