Siku Tisa za Taa ya Kijani

Mzee Yu Tien-lai alikutwa amekufa kitini. Kisanduku mezani pake bado kiliwasha taa ya kijani, maana yake dawa ya moyo imenywewa.

"Kinasema uongo," alisema daktari wa polisi. "Damu haina hata chembe ya dawa. Hajainywa siku nane, tisa hivi."

Inspekta Chuang Wen-jui aliduwaa. Alimgeukia binti wa marehemu, Su-chen, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyemuuguza baba yake peke yake kwa miaka kumi na moja. Kama kulikuwa na wa kutiwa pingu Tainan nzima siku ile, ni yeye, na mwenyewe alilijua hilo.

"Dawa alipewa na nani?"

"Mimi naiweka kwenye kisahani, naye anaichukua kwa mkono wake mmoja mzima. Saa kumi na moja na dakika kumi kisanduku kinamkumbusha, na hakinyamazi mpaka kijibiwe."

"Wewe unakuwa wapi?"

"Chini, afande. Lori la taka linapita saa hiyo hiyo. Ukilikosa, utalala na vichwa vya samaki."

Fundi wa polisi alikifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na akili bandia, modeli ndogo ya lugha isiyohitaji mtandao. Ilijua mambo ya nyumba ile tu, na sauti ya nani ni ya nani haikujua. Lakini kumbukumbu ilitunza.

"Mwaka mzima imejibiwa kwa kitufe," fundi alisema. "Siku tisa za mwisho imejibiwa kwa mdomo. 'Nimeshakunywa.'"

Su-chen alishika ukuta. "Haiwezekani! Baba hajatamka neno tangu apooze!"

Chuang alikitazama kisahani. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akiingia, anachukua kidonge mbele ya macho ya mzee asiyeweza hata kupiga yowe, kisha anaidanganya mashine kwa upole.

"Siku hizo nani hakushuka kwenye lori?"

"Mtaa mzima tunashuka. Labda Shangazi Kang wa mlango wa pili, goti linamsumbua. Mfuko wake namshushia mimi."

"Tangu lini?"

Su-chen alianza kuhesabu kwa vidole. Hakumaliza.

Bi Kang A-luan, miaka sabini na miwili, aliwafungulia mlango bila kuchechemea. Ndani ya kopo lake la chai vilikutwa vidonge tisa vyeupe.

"Mbona hukuvitupa?" Chuang aliuliza.

"Ningevitupaje, na taka zangu anashusha yeye?"

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Mzee alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Nimekula naye miaka thelathini." Alimwonyesha Su-chen kwa kidevu. "Ni huyu mtoto. Kuna mwanamume alimngoja kule Hualien miaka sita, mwisho akaoa mwingine. Nikasema, mzee akitangulia taratibu, huyu naye ataanza kuishi. Sikujua mtamshuku yeye, afande. Ningekuja mwenyewe kusema."

Chuang alikuwa na pingu mkononi. Miaka ishirini kazini, hakuwahi kukamata muuaji aliyezungumza kwa huruma kiasi kile.

Su-chen alimsogelea yule mama aliyemlea kama mwanawe.

"Shangazi, nani alikwambia nimemchoka baba yangu?"

"Wewe, mwanangu. Kila jioni, tulipokuwa tukilingoja lori."