Kadi ya Ami Aidarus

Feri Jumamosi haina adabu. Chombo hakijafunga vizuri, watu wamekwisha kuanza kusukumana, wanaoshuka wawakanyage wanaopanda, na wauza madafu wapo katikati wakiita kana kwamba hawaoni. Katika msukumano huo, mwaka wa sitini na sita, kiatu kimoja cha Mwanakhamis kilimtoka mguuni kikaenda kuangukia mbele ya kijana mmoja aliyekuwa akielekea Likoni. Kijana akakiokota, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akasimama nacho mkononi.

"Chako?"

"Kwani waona mwengine hapa mwenye kiatu kimoja?"

"Mimi sijui. Huenda ni cha yule bibi mwenye kuku."

Khairiya, shoga yake Mwanakhamis, akaangua kicheko. Mwanakhamis akavuta ukaya wa buibui lake kuficha meno, lakini macho aliyaacha wazi, na kijana akayaona. Alikuwa mrefu, amevaa suruali ya terilini ya kijivu iliyopigwa pasi ikakaa, na shati jeupe lililonukia udi kidogo.

"Feri yako hiyo yaenda," Mwanakhamis akamwambia.

"Naiende. Itarudi."

Jina lake Jaffar, karani katika ofisi ya meli Kilindini. Siku hiyo hakufika Likoni.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Mume wa Khairiya alikuwa mfanyabiashara wa Makadara na alitia simu nyumbani kwake, na kila jioni Mwanakhamis alipata sababu ya kwenda huko: mara kuazima cherehani, mara kurudisha kipande cha kitambaa. Simu ikilia, Khairiya huondoka kwenda jikoni, akasimama nyuma ya pazia asikie yote.

"Nuru ya mato yangu, umekula nini leo?"

"Wali wa nazi na papa. Wataka nikuletee kwa simu?"

"Niletee sauti tu, roho yangu. Nimeshiba."

Mambo yakaenda kwa njia yake. Wazee wa Jaffar wakaja kuposa, na wakaelekezwa kwa Ami Aidarus. Baba yake Mwanakhamis alifariki yeye angali mtoto, na huyu ndugu mkubwa wa baba ndiye aliyebaki kuwa baba. Aliuza udi na marashi Ndia Kuu. Kila Idi alimpelekea mtoto wa nduguye kitambaa cha kanzu, na hakuwahi kukosea rangi anayoipenda. Walii wa Mwanakhamis, mwenye haki ya kumwoza, ni yeye, hakuna mwingine. Akawasikiliza wageni, akasema, "Kheri." Posa ikakubaliwa.

Ndipo likaja hili la kadi.

"Sikiza, mpenzi," Jaffar akasema siku moja kwenye simu. "Kuna Mzungu hapa ofisini aoa mwakani, na watu wake ashawapelekea kadi. Si za kualika. Ni za kuwaambia tu, siku fulani iwekeni."

"Hao watu wake wasahaulifu hivyo?"

"Wako mbali. Kama wangu mimi. Kaka yuko Nairobi, dada Unguja, ami zangu Lamu. Wakipata habari dakika za mwisho, nani atawapa ruhusa kazini? Nataka waje wote, Mwanakhamis. Siku hiyo nataka nisimkose hata mmoja."

Maneno hayo yalimwingia. Mama zao wawili walikuwa wameshanong'onezana siku: Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani. Jaffar akaenda kwa mpiga chapa wa Ndia Kuu, akachagua karatasi nzito ya rangi ya maziwa, pembezoni mstari wa dhahabu. *Iwekeni siku hii*, zikaandikwa, na chini yake majina yao mawili. Mwanakhamis alipozishika mara ya kwanza alizibusu.

Lilikuwa limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Siku ya harusi haiwi siku mpaka walii aitoe. Wazee wa mume huenda na halua na tambuu, wakakaa, wakaomba, naye akaitamka kwa kinywa chake. Wengine wote husikia baada yake. Safari hiyo ilipangwa Alhamisi, na kadi zitiwe posta Jumamosi.

Mwanakhamis aliandika bahasha zote kwa mkono wake. Ya kwanza kabisa aliandika jina la Ami Aidarus, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Aliona ndiyo heshima, awe wa mwanzo. Furaha ilimpumbaza maskini. Alisahau kwamba ami yake alisoma chuo cha Kurani tu, aliandika na kusoma kwa herufi za Kiarabu, na hizi za Kizungu hakuzijua hata moja.

Jumatano babake Jaffar akashikwa na homa. Safari ikasogezwa wiki moja. Jaffar aliona wiki moja si kitu, siku ni ile ile, na Jumamosi akazitia kadi posta bila kumwambia mtu.

Jumatatu alasiri, barazani kwa Ami Aidarus watu wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, tarishi akapita akaweka bahasha. Mzee akadhani ni habari ya mzigo wake. Akamkabidhi Kingi, karani wa forodha aliyekuwa amekuja kununua ubani.

"Hebu nisomee, baba."

Kingi akasoma kwa sauti, uso umechangamka. "Mabruki, Bwana Aidarus! Kumbe mwaoza, nanyi mwatuficha?"

Baraza zima likamgeukia mzee. Naye, mbele ya watu wale wote, akauliza polepole, "Siku gani?"

Kila mtu alikwisha kuelewa kwamba baba wa bibi harusi anaisikia siku ya harusi kwa mpita njia. Kingi akaisoma tena, sasa kwa sauti ndogo. Ami Aidarus akamshukuru, akaagiza watu waongezwe kahawa, na magharibi ilipoadhiniwa akafunga duka.

Mama yake Mwanakhamis alikwenda kuomba radhi kesho yake, akarudi analia.

"Wala hakukasirika," akamwambia bintiye. "Afadhali angenitukana. Amesema, 'Shemeji, mimi nimealikwa. Mwalikwa huja akala akaenda zake. Haozi.'"

Mwanakhamis alikimbilia Makadara kwenye simu. Khairiya safari hii hakusimama nyuma ya pazia.

"Jaffar, umetenda nini?"

"Nimetenda nini? Nimepeleka kadi. Ile ya ami yako si wewe uliyeiandika?"

"Niliiandika ifike baada ya wazee! Njoo umwombe radhi."

"Babangu mgonjwa kitandani, Mwanakhamis, nami nikapige magoti kwa ajili ya karatasi? Kama hataki kuoza, yuko Kadhi. Sheria ipo."

"Nina ami hai, niozwe na Kadhi kama nisiye na mtu?"

"Basi kaa na ami yako, akuoe yeye."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alipotaka kulirudisha simu ilikuwa imekwisha kukatwa.

Hawakusemezana tena. Jioni zikapita, simu ya Makadara ikalia kwa biashara za watu. Mwanakhamis alikonda. Kila siku alikwenda kwa ami yake kumbusu mkono, naye aliitikia salamu, akauliza hali ya mamake, basi. Hilo lilimuumiza kuliko yote, kwamba alimjibu vizuri kabisa.

Mwisho akaamua. Siku ambayo walii hakuitoa haipo, na alivyoitangaza yeye ndivyo atakavyoiondoa yeye. Akavaa buibui, akamchukua Khairiya, akaanza kuingia nyumba moja moja ya Mji wa Kale kuzidai kadi.

"Niwieni radhi. Siku ile haipo. Naomba kadi yangu."

Wengine walimpa kwa huruma. Wengine walimpa kwa jicho lile linalouliza mengi. Nyumba ya nne au ya tano, Kibokoni, bibi mmoja mtu mzima aitwaye Mejumaa alimtazama kwa mshangao.

"Kadi gani tena, mwanangu? Yule kijana wako alikuja jana akaichukua. Amevaa kanzu, jasho lamtiririka. Akanambia kosa ni lake yeye, wewe humo."

Khairiya ndiye aliyeuliza, "Ameelekea wapi?"

"Alisema leo atakuwa mtaa wa nyuma."

Walimkuta akitoka nyumba ya kona, kadi mkononi, kofia imepinda. Walisimama wakitazamana, na watoto wakiwapita.

"Nilisema neno baya," Jaffar akasema. "Tangu siku ile sina usingizi. Nilipiga simu nikaikata, nikapiga nikaikata. Nikaona kwanza nisafishe nilichochafua, ndipo nije na uso."

"Na mimi nilidhani umenitupa."

"Nikutupe niende wapi?"

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Mwanakhamis akataka kumjibu kwa mzaha kama zamani, mzaha ukakataa kuja. Akalia pale pale njiani.

Za Unguja, Lamu na Nairobi Jaffar alikwisha kuandikia barua za kuzirudisha. Ilibaki moja tu, nayo haikuwa ya kudaiwa kwa mkono.

Walipofika kwa Ami Aidarus, pamoja na babake Jaffar aliyekwisha kupona, na sinia la halua na tambuu, duka lilikuwa limefungwa, na mzee, ambaye Mwanakhamis hakumwona siku zote za kudai kadi, yuko juu kitandani. Moyo. Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa nyumbani wasitarajie sana. Mwanakhamis alimbusu mkono, akauona umekuwa mwepesi.

Jaffar akapiga magoti kweli. "Ami, tumekuja kukuomba siku. Sisi hatuna."

"Na ile ya kwenye kadi?"

"Si yetu. Hatukupewa."

Mzee akafumba macho. "Haikuniuma kadi," akasema. "Iliniuma kuwa mtoto wangu mwenyewe ana jambo, na mimi nasomewa na mtu. Ningekataa nini mimi, Mwanakhamis? Ungekuja ukasema 'Ami, nataka siku fulani,' ningekataa?"

"La, Ami."

"Nami nilizidi. Nimekaa na kiburi changu mpaka maradhi yamenikuta nacho." Akavuta pumzi kwa shida. "Ramadhani hii sijui kama nitaifunga. Siku ni kesho, baada ya alasiri."

Kesho yake hapakuwa na ngoma wala pilau. Mwanakhamis alivaa kanzu aliyoshona kwa kitambaa cha Idi iliyopita, asmini kichwani, akakaa na wanawake chumba cha pili. Mlango uliachwa wazi, pazia limeshushwa. Kaka wa Nairobi hakuwapo, wala dada wa Unguja, wala yeyote kati ya wale ambao Jaffar aliapa hatamkosa hata mmoja.

Wakamwinua Ami Aidarus kwa mito. Akaushika mkono wa Jaffar.

"Nimekuoza mwanangu..."

Mwalimu aliyekuja kusimamia nikaha akamkumbusha kwa upole, "Mwana wa nduguyo, Aidarus."

"Najua," akasema. "Najua ni wa nani."

Akapumzika. Nyuma ya pazia Mwanakhamis aliung'ang'ania mkono wa mamake, akimwomba Mungu ampe ami yake pumzi ya kumaliza. Mzee akaanza upya, neno baada ya neno, jina la nduguye marehemu akalitaja kwa ukamilifu, na safari hii alifika mwisho. Sauti ya Jaffar ikajibu, "Nimekubali."

Wanawake wakatazamana, hakuna aliyethubutu kushangilia, maana ilikuwa nyumba ya mgonjwa na kila mmoja alijua kinachokuja. Walikuwa wakijua kweli: Ami Aidarus hakuiona Idi.

Lakini wakati ule alikuwa hai, na sauti yake ikapita kwenye pazia, nyembamba, yenye hasira kidogo.

"Mbona kimya huko? Hapa pana harusi. Pigeni vigelegele nisikie."

Mama akafungua kinywa, kilio kikamzuia. Khairiya akajaribu, akashindwa. Basi Mwanakhamis mwenyewe, bibi harusi, jambo ambalo halijapata kufanywa, akajifuta machozi kwa kiganja, akainua kichwa, akampigia ami yake kigelegele peke yake.