Darasa Ndani ya Nyumba Iliyolala

Katika nyumba ya waoka mikate, mchana ndio usiku. Baba na Mama hufanya kazi wakati watu wengine wamelala fofofo. Hukanda unga, huwasha tanuri, na kukipambazuka mikate iko tayari. Jua likipanda, hunawa mikono, hula, huvuta pazia na kulala. Nyumba nzima hunyamaza.

Anayebaki macho ni binti yao, kitindamimba. Baba alimpa jina la utani la Hamira, kwa sababu utotoni hakutulia. Ukimwacha kidogo tu, ameshafurika hadi mlangoni. Kaka zake walikuwa wameoa na kuhamia mbali. Hamira alikuwa amemaliza shule ya sekondari na kupata nafasi ya kusoma famasia chuoni. Lakini chuo kilikuwa bado hakijafunguliwa. Ilibidi asubiri miezi kadhaa.

Kila alasiri alikaa kwenye dirisha dogo la mbele na kuuza mikate iliyobaki. Wateja wa mtaa ule walijua desturi ya nyumba. Hawakupiga hodi. Walinyoosha kidole na kunong'ona.

"Ule pale," mteja alinong'ona.

"Huu?" Hamira alinong'ona.

"Hapana, mwenzake."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku nzima. Msichana aliyeitwa Hamira kwa kelele zake sasa alinyata ndani kwao kama mwizi. Rafiki zake wawili wa shuleni walikuwa wamekwenda kufanya kazi mji mwingine. Mwanzoni walimwandikia kila siku. Baadaye wakawa wanatuma picha tu. Kisha hata picha zikakoma. Hamira alikuwa mpweke. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani na wote wamelala?

Jioni moja, wazazi walipoamka, Mama alimwona ameinama juu ya simu.

"Hamira, mwanangu, utakaa hivihivi mpaka chuo kifunguliwe?" aliuliza. "Siku hizi watu wanasoma kwenye simu. Si utafute somo?"

"Nimeona kozi za mtandaoni, Mama. Nyingine ni za bure."

"Haya, jitose," alisema Baba. "Ukifika chuoni, wenzako wakukute mbele."

Hamira akajitosa kweli. Hakuuliza mtu. Alipitisha kidole kwenye kioo cha simu, na kila alipoona jina refu la kutisha, akaona hiyo ndiyo kozi yenyewe. Akajiandikisha katika kozi tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa ya kemia ya dawa. Ile ndiyo iliyomtoa jasho.

Kila wiki wanafunzi wa kemia walikutana mtandaoni na mwalimu wao. Nyuso zao zilijipanga kwenye simu, kila mmoja katika kidirisha chake. Walisalimiana, walicheka, walibishana. Hamira alivaa hedifoni, akazima kamera na kufunga kipaza sauti. Baba alikuwa amelala nyuma ya ukuta mwembamba. Mama alikuwa amelala karibu yake. Angesemaje?

"Kuna asiyeelewa?" mwalimu wa mtandaoni aliuliza kila mara.

Hamira hakuelewa. Alinyamaza.

"Vizuri, tuendelee."

Wakaendelea, na yeye akabaki. Majaribio yalipokuja, alianguka. Akarudia, akaanguka tena. Hakuna aliyeuliza yuko wapi yule msichana wa kidirisha cheusi. Alipozima simu, alijiona mwenyewe kwenye kioo chake, na chozi likamtoka. Alijiona mjinga, tena mjinga peke yake.

Kisha chuo kikatuma ujumbe. Kila mwanafunzi mpya alitakiwa kuthibitisha nafasi yake kabla ya Ijumaa. Asiyethibitisha, nafasi yake ingepewa mwingine.

Jioni ile Hamira aliwasubiri wazazi wake mezani. Chakula cha jioni cha watu wengine ndicho kilikuwa kifungua kinywa chao. Baba alikuwa bado anapiga miayo.

"Sitathibitisha," Hamira alisema.

Miayo ya Baba ikakatika. "Huthibitishi nini?"

"Nafasi ya chuo. Nimejaribu masomo yao kwenye simu, Baba. Siyawezi. Kama siwezi kozi ya bure, nitaweza chuo? Nitabaki hapa nioke mikate na nyinyi."

"Kuoka mikate ni kazi nzuri," alisema Mama polepole. "Lakini hukuisema kama mtu anayeitaka."

"Wewe ulikuwa unataka kuchanganya dawa tangu uko mdogo," alisema Baba. "Ulikuwa unanipa unga mkavu kwenye kijiko, unaniambia, meza, utapona."

"Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa nameza!"

Mama akacheka. Hamira hakucheka. Wazazi wakatazamana. Wao hawakuwahi kusoma chuo. Muda wa kazi ulipofika, wakavaa aproni na kwenda kwenye tanuri. Hamira akabaki na sahani.

Kesho yake alasiri, jirani wa ng'ambo ya barabara alikuja dirishani. Alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kilekile, na mtaani wote walimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," alinong'ona Hamira.

"Marahaba. Umethibitisha nafasi yako?"

Hamira akatikisa kichwa. "Naiacha. Kemia imenishinda."

"Imekushinda wapi? Hatujakufundisha hata siku moja!"

Hamira akamwonyesha simu. Mwalimu alivaa miwani, akasoma jina la kozi, akasoma tena. Kisha akasahau desturi ya nyumba na kuangua kicheko.

"Mwalimu, wamelala!"

"Samahani." Akajiziba mdomo. "Lakini Hamira, umeparamia! Haya tunayafundisha mwaka wa pili, tena wanafunzi wetu wanalia. Nani alikuambia uanze hapa?"

"Hakuna. Nilifikiri nikipata cheti cha kozi hii, nitaruka mwaka wa kwanza."

"Uliwauliza watu wa chuo kama wanakikubali?"

"Hapana."

Mwalimu akaegemea dirisha. Sasa hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Kwanza, kusoma mtandaoni kabla ya chuo si lazima. Wengi wanaingia bila kozi yoyote na wanafanya vizuri. Ukitaka kusoma, ni jambo jema, lakini anza kwa kukiuliza chuo chenyewe. Vyuo vingine vinahesabu kozi hizo, vingine havihesabu. Halafu jiulize, ni somo gani lilikusumbua shuleni? Hilo ndilo la kuziba. Ya mwaka wa kwanza na wa pili tutakufundisha wenyewe."

"Hesabu zilinisumbua," alikiri Hamira. "Uwiano na asilimia."

"Basi! Anayepima dawa anahitaji hizo kila siku. Kozi moja ya hesabu ingekufaa kuliko hizi tatu. Na usipoelewa kitu kule mtandaoni, huwa unamuuliza nani?"

"Siulizi."

"Kwa nini?"

Hamira akaonyesha kwa kidole mlango wa chumba cha wazazi wake.

Mwalimu aliutazama mlango, akamtazama msichana. "Kumbe," alisema kwa upole. "Basi wewe hujasoma mtandaoni bado. Umetazama watu wengine wakisoma."

Maneno yale yalimchoma Hamira, lakini pia yalimpa nafuu. Mwalimu alimwachia namba ya simu ya ofisi ya chuo, akachukua mkate wake na kuondoka.

Hamira alipiga moyo konde, akapiga simu.

"Haloo?" alinong'ona.

"Nani?" aliuliza mwanamke wa ofisini. "Sikusikii, dada."

"Naulizia kuhusu kozi za mtandaoni."

"Kozi za nini? Paza sauti!"

Hamira akatazama mlango wa chumba. Akavuta pumzi.

"Nauliza," akasema kwa nguvu, "kama nikisoma mtandaoni kabla ya chuo, mtaihesabu kozi yangu?"

Sauti yake ikajaa chumba kizima. Yeye mwenyewe aliishangaa. Ulikuwa umepita muda mrefu bila kuisikia.

"Kumbe una sauti nzuri tu!" alisema mwanamke yule. "Hapana, hapa kwetu vyeti vya nje havipunguzi mwaka wa kwanza. Ila chuo kina kozi yake ya hesabu, mtandaoni, bure kwa wanafunzi wapya. Ni ya kujiandaa. Hailazimishwi, na haina mtihani wa kukufukuza. Mnasoma kwa vikundi vidogo. Lakini lazima uwe umethibitisha nafasi yako kwanza."

"Na nikiwa sizijui hesabu kabisa?"

"Ndiyo maana ipo, dada yangu."

Hamira alipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nywele zimesimama, shati amelivaa nje ndani.

"Nimekuamsha," alisema Hamira. Machozi yalianza kumlenga. "Nisamehe, Baba. Ilikuwa lazima niulize. Nikinong'ona hawanisikii, na nikisoma hapa siwezi kuongea, na siku nzima sina hata mtu wa—"

Hakumaliza. Baba alikuja akaketi kwenye kiti cha dirishani, kiti cha binti yake, akaona alichokuwa akikiona yeye kila siku: barabara tupu na mikate iliyobaki.

"Hakuna aliyekukataza kusema, Hamira," alisema. "Lakini hakuna aliyekuruhusu pia. Hilo ni kosa letu. Kuanzia leo sema. Soma kwa sauti, uliza, bishana nao. Sisi tutazoea."

"Na usingizi wenu?"

"Nimelala jirani na tanuri tangu sijaoa. Sauti yako itanifanya nini?"

Siku hiyohiyo Hamira alithibitisha nafasi yake. Kisha alijitoa katika zile kozi tatu, bila aibu, na kujiandikisha katika ile moja ya chuo. Alichagua saa maalumu ya kusoma, baada ya wateja wa alasiri kupungua. Simu aliiegemeza kwenye kikapu cha mikate, na kamera akaiwasha.

Katika kikundi chake walikuwa watu wachache. Mara ya kwanza mwalimu wa kikundi alipouliza kama kuna asiyeelewa, Hamira aliutazama mlango wa chumba cha wazazi. Akafungua kipaza sauti.

"Mimi," alisema. "Sijaelewa hapo mlipogawanya. Kwa nini tunagawanya?"

Nyuso zote zikamtazama. Hamira alitamani ardhi ipasuke. Kisha msichana mwingine, binti wa fundi cherehani, akasema, "Afadhali umeuliza. Hata mimi nimeachwa hapohapo."

Mwalimu wa kikundi akarudia. Safari hii Hamira alielewa. Kipindi kilipokwisha, binti wa fundi cherehani hakukata simu. Walizungumza mpaka jua likatua, kwanza hesabu, halafu mambo mengine. Wateja nao wakazoea. Walikuja dirishani wakamkuta Hamira akisoma asilimia kwa sauti, nao wakaacha kunong'ona. Mmoja alithubutu hata kumsahihisha, akakosea yeye.

Chuo kilipofunguliwa, Hamira hakuwa mbele ya wenzake, na hakuwa nyuma. Binti wa fundi cherehani ndiye aliyelala kitanda cha pili chumbani mwake, bwenini. Somo la kwanza la kupima dawa lilipoanza, mwalimu aliuliza hesabu ya uwiano. Hamira alinyoosha mkono na kujibu. Alipata. Swali lililofuata hakulielewa, akanyoosha mkono tena na kuuliza.

Wiki chache baadaye, mchana kweupe, simu yake ililia. Alikuwa Baba. Hamira akashtuka. Saa hizo Baba huwa amelala.

"Baba! Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Anageukageuka tu hapa. Hakuna kitu."

"Mbona hamjalala?"

Baba akakohoa. "Nyumba imenyamaza mno, Hamira. Usingizi hauji. Somo la leo lilikuwa nini?"

"Vipimo vya maji ya dawa. Ni hesabu tupu, Baba, hutaelewa."

"Nisipoelewa nitauliza. Soma."

Hamira alikaa kwenye ngazi za darasa, akafungua daftari na kuanza kusoma kwa sauti. Wanafunzi walipita wakimtazama. Hakujali. Alisoma mfano wa kwanza, akasoma wa pili. Baba hakuuliza swali lolote. Alipofika katikati ya mfano wa tatu, alisikia kutoka upande wa pili wa simu mkoromo mzito wa mwoka mikate, na nyuma yake mwingine mwembamba wa Mama. Hamira hakukata simu. Aliendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa.