Mbwa Aliyekataa Kubweka

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Yule mbwa wa rangi ya mchanga, aliyelala kando ya mtaro, kamba imemwingia shingoni. Watoto walimrushia mawe. Wewe ulitoa simu, ukajifanya unasoma ujumbe. Mwaka wa mvua nyingi alilala mbwa mwingine palepale, na kabla yake mwingine. Mbwa walibadilika. Wewe hukubadilika.

Kuna watu waliosimama. Ni watu wa kituo cha kuokoa wanyama, wanaoishi kwa michango. Walikata ile kamba. Walimtibu mbwa mpaka akapona. Hii ni hadithi ya mbwa huyo na nyumba aliyopelekwa.

Katika nyumba hiyo aliishi Bibi. Bibi alikuwa fundi wa kushona. Aliwashonea watu vifungo, alipunguza suruali, alibadilisha zipu. Macho yake yalikuwa mazima. Masikio yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie, simama mbele yake upaze sauti.

Aliishi na mwanawe. Mtaani walimwita Spana, kwa sababu alikuwa fundi bomba na hakukosa spana mfukoni. Mke wa Spana aliuza katika duka la vyombo. Binti yao alikuwa mwanafunzi. Walimwita binti huyo Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika.

Siku moja Bibi alikuwa anashona peke yake. Mgongo wake ulielekea mlango. Mtu aliingia, akabeba nguo za wateja, akabeba na mkasi. Bibi hakusikia kitu. Alipogeuka kutafuta mkasi, meza ilikuwa tupu.

Kesho yake Spana alikuja na kufuli. Kila asubuhi alimfungia Bibi ndani na cherehani yake. Kufuli lilikaa nje.

"Ni kwa usalama wako, mama," alisema.

"Hata jela wanasema hivyo hivyo," Bibi alijibu. "Na moto ukiwaka?"

"Moto gani sasa, mama?"

"Basi kama hakuna moto, hakuna na mwizi. Fungua."

Spana hakufungua. Wateja walikuja, wakakuta kufuli, wakaenda kwa fundi mwingine. Bibi alikaa dirishani akiwaona wakiondoka. Majirani walipita. Waliona uso wa mzee nyuma ya nondo. Walimpungia mkono, wakaenda zao!

Chiriku ndiye aliyesema, "Baba, tuchukue mbwa. Mtu akija, atabweka."

"Bibi hasikii," Spana alisema.

"Majirani watasikia. Na mwizi ataogopa."

Mke wa Spana aliweka sahani chini. "Mume wangu, tukubaliane. Tukipata mbwa wa kulinda, kufuli linatoka."

Spana alikuna kichwa. "Haya. Akibweka, kufuli linatoka."

Walikwenda kituoni. Mhudumu wa kituo alikuwa mwanamke aliyevaa buti za mpira, na sauti yake ilishinda kelele za mbwa wote. Chiriku alimwita Dada Buti. Dada Buti aliuliza maswali mengi. Nani yuko nyumbani mchana? Mbwa atalala wapi? Nani atamlisha? Kisha alikwenda kuiona nyumba yenyewe.

"Huyu amechanjwa kichaa cha mbwa," alieleza siku ya kumkabidhi yule mbwa wa rangi ya mchanga. "Amehasiwa pia, hatazalisha ovyo. Wiki za kwanza mwacheni atulie. Msimfunge. Msimguse anapokula."

"Ndiyo, ndiyo," Spana aliitikia. Simu ilikuwa sikioni. Mteja wake alikuwa na bomba lililopasuka.

Basi mbwa akaingia nyumbani, na vurugu ikaingia naye.

Spana alimwita Jemadari. Chiriku alimwita Biskuti. Mke wa Spana alimwita Mzee. Bibi alimwita "wewe". Spana alisema, "Jemadari, kaa mlangoni!" Chiriku alisema, "Biskuti, njoo ndani!" Mbwa alisimama katikati, akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha alijilaza chini ya meza ya Bibi, akaficha uso.

Mtu alibisha hodi. Mbwa hakubweka. Fundi wa umeme aliingia mpaka jikoni. Mbwa hakubweka. Spana mwenyewe alitoka, akavaa kofia, akagonga mlango kama jambazi. Kimya.

"Kwani huyu ni mbwa au mto wa kulalia?" Spana aliuliza.

Hakuna aliyejua. Chiriku alidhani anaumwa. Mama yake alidhani ana huzuni. Bibi alilalamika tu.

"Ananisumbua huyu. Nikishona anakuja kunisukuma. Namfukuza, anarudi. Namfukuza tena, anarudi tena. Anataka nini kwangu?"

Ng'ambo ya barabara alikuwepo kinyozi. Kinyozi huyu alijua kunyoa. Mengine yote alijifanya anajua.

"Bwana Spana, wamekupiga changa la macho," alisema, wembe mkononi. "Wamekupa mbwa bubu alinde mzee asiyesikia!"

Wateja walicheka. Spana alicheka nao, lakini moyoni alichemka.

"Nifanyeje sasa?"

"Mfunge mnyororo. Mnyime chakula. Kidogo utakachompa, tia pilipili. Atakuwa chui huyo."

Hivi ndivyo ujinga unavyosafiri. Haulipi nauli. Unatoka kwa kinyozi na kuingia nyumbani kwako, nawe unaufungulia mlango.

Spana alimfunga mbwa kwa mnyororo uani. Alimnyima chakula, na kidogo alichompa alikitia pilipili. Sasa nyumba ilikuwa na wafungwa wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Mbwa hakuwa chui. Alikonda. Alitetemeka. Usiku alivuta mnyororo, akakwaruza mlango wa Bibi wa uani, na watu wa nyumba wakasema ameanza wazimu.

Chiriku alishindwa kuvumilia. Alimpelekea chakula kwa siri. Mbwa alikuwa anakula kwa pupa, na Chiriku akamkumbatia shingo. Mbwa alishtuka. Alitaka kukimbia, mnyororo ukamvuta. Akamng'ata Chiriku mkononi.

Kelele ilijaa uani.

"Ana kichaa!" kinyozi alipiga ukelele kutoka ng'ambo. "Muueni!"

"Paka mafuta ya taa!" jirani mwingine alisema.

Spana alishika spana yake. Hakujua ampige mbwa au ambebe mtoto. Mke wake hakusubiri. Alimvuta Chiriku mpaka bombani, akafungua maji, akashika sabuni. Huku anaosha, alimpigia Dada Buti simu.

"Unaosha?" Dada Buti aliuliza.

"Naosha."

"Vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Usipake mafuta wala majani. Usikifunge kidonda. Ukimaliza nendeni zahanati mara moja."

"Si ulisema mbwa amechanjwa?"

"Amechanjwa. Lakini mtu aking'atwa anakwenda zahanati, mbwa awe amechanjwa au hajachanjwa. Muuguzi ndiye atakayeamua kuhusu sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha."

Walikwenda. Chiriku alitibiwa, akapewa siku za kurudi. Waliporudi nyumbani walimkuta Dada Buti amechuchumaa uani. Mnyororo ulikuwa chini. Mbwa alikuwa anakunywa maji.

"Mchukue mbwa wako," Spana alisema. "Amemng'ata mwanangu. Habweki. Nyumba nzima hatuelewi kitu. Namrudisha, na kufuli linabaki."

Bibi alisoma neno "kufuli" kwenye midomo ya mwanawe. Aliinamisha uso.

"Nitamchukua ukitaka," Dada Buti alisema. "Usimtupe tu. Lakini kwanza niambie. Nani anashinda naye mchana?"

Spana na mkewe walitazamana.

"Bibi," Chiriku alisema.

"Bibi mmemuuliza?"

Mzee alikuwa ndani ya nyumba hiyo muda wote, na hakuna aliyemuuliza! Dada Buti alisimama mbele ya Bibi, akapaza sauti.

"Bibi, shikamoo! Mbwa huyu anafanya nini mchana?"

"Marahaba. Ananisumbua, mwanangu. Kabla hawajamfunga alikuwa analala hapa chini ya meza. Mara anainuka, ananiwekea pua gotini. Namfukuza kwa rula. Namwambia, wewe, unanichafulia nguo za watu."

"Anakuja wakati gani?"

"Nitajuaje? Wakati wowote. Siku moja alikuja, nikamfukuza. Nikageuka, nikamkuta mke wa fundi umeme dirishani, anagonga kioo. Tena siku ile muuza mkaa alipopita, alikuja hivyo hivyo, na..."

Bibi alimgeukia mbwa. Mkono wake ulibaki hewani.

"Subirini," Spana alisema. "Sielewi."

"Hata mimi sielewi vizuri," Dada Buti alisema. "Tujaribu."

Mbwa aliingizwa ndani. Alijilaza mahali pake. Bibi alishona, mgongo wake mlangoni. Mke wa Spana alitoka nje, akagonga polepole. Mbwa aliinua masikio. Alisimama, akamwendea Bibi, akamgusa goti kwa pua.

Waligonga tena. Alimgusa tena.

"Nani amemfundisha?" Spana aliuliza.

"Sijui. Labda hakufundishwa. Labda alipigwa kila alipobweka, akaacha. Labda anaogopa wageni, anamkimbilia mtu asiyempigia kelele. Sitakudanganya, sijui kwa nini. Najua la kufanya. Akimgusa, Bibi ageuke atazame mlango, kisha ampe kipande cha chakula. Kila mara. Awe na jina moja. Alishwe na mtu mmoja. Anapokula, aachwe. Pilipili basi, mnyororo basi. Na kila mwaka akachanjwe."

Walibishana jina. Chiriku, na mkono wake uliofungwa bendeji ya zahanati, alishinda. Spana aliona haya kuita "Biskuti" mbele ya kinyozi, lakini aliita.

"Na makubaliano yetu?" Bibi aliuliza.

"Mama, tulisema akibweka."

"Tulitaka nijue mtu akija. Sasa najua. Unataka kelele, nenda kakae sokoni."

Spana alicheka bila kutaka. "Tujaribu kwanza, mama. Lakini mimi nitabaki karibu."

Alichukua kazi za mtaani tu, ili awe karibu. Kila asubuhi mlango uliachwa wazi. Kila mara Bibi alipoguswa goti aligeuka, akatoa kipande mfukoni. Wateja walianza kurudi.

Asubuhi moja kijana aliingia kwa kunyata. Suti ya mteja ilining'inia ukutani. Alinyoosha mkono. Biskuti aliinuka, akaweka pua gotini. Bibi aligeuka na mkasi wake mpya.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuchukua nguo ya nani?"

Kijana alimwona mzee, akaona mkasi, akaona na mbwa mkubwa anayemtazama kimya. Hicho kimya ndicho kilichomtisha zaidi. "Nimepotea nyumba," alisema, akatoka mbio.

Spana alikuwa anafunga bomba nyumba ya pili. Alimwona akikimbia. Alikuja anahema, akamkuta mama yake ameshona mpaka nusu ya pindo. Alitoa kufuli mfukoni, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita. Bibi alitoa kiti chake nje, kwenye mwanga, akaendelea kushona mbele ya watu.

Bado hawajui kwa nini mbwa yule habweki. Hata leo wakiulizwa wanainua mabega.

Wewe je, unasubiri uelewe kila kitu ndipo uinuke? Kama una mbwa, kampeleke akachanjwe leo. Kama unataka mbwa, nenda kituoni, wapo wanaokusubiri. Ukiwa umechoka na uliye naye, mrudishe, usimtupe. Na kama kuna mzee nyumbani kwako anayeshinda amefungiwa, weka chini maandishi haya. Nenda kamuulize anataka nini. Simama mbele yake, upaze sauti. Sasa hivi!