Kila Mteja na Beseni Lake

Mimi ni dobi. Chumba chetu cha kufulia kina mabeseni manne, na mimi na mke wangu tunainama humo tangu asubuhi. Kwa miaka kumi na moja nilijisifu kwa jambo moja: kwangu nguo ya mteja haipotei. Kila mteja alikuwa na beseni lake. Nguo zake zote ziliingia pamoja, zikatoka pamoja.

"Baba watoto," mke wangu alikuwa akiniambia, "tuzitenge kwa aina, si kwa mtu."

"Dobi hapa ni nani?" nilimjibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu, jirani yetu muuguzi alileta sare zake mbili nyeupe na mtandio mpya mwekundu. Jumatano alikuwa anakula kiapo cha kazi. Nilivitia vyote katika beseni moja. Nilipoziinua sare, zilikuwa na rangi ya waridi. Tulizisugua mpaka vidole vikachubuka. Rangi haikutoka.

Jioni muuguzi alikuja. Alizitazama sare. Hapo nilifanya jambo ambalo hata leo naona aibu kulisimulia.

"Ni mama watoto huyu," nilisema. "Nimemwambia mara ngapi asichanganye?"

Mke wangu alikuwa anakamua shuka. Aliendelea kulikamua shuka lile lile, ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

Muuguzi alikula kiapo kwa sare ya kuazima, mikono imemfika vidoleni. Nilimwona akipita, nikajificha nyuma ya mlango, mtu mzima mimi.

Alhamisi alifuata mtandio wake. Nilishindwa kuvumilia.

"Dada, ni mimi niliyechanganya. Mke wangu alinionya, nikamsingizia."

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kaka, kupanga nguo kwa mwenyewe si kosa. Kosa ni kutumia mpango mmoja kwa kila kazi. Hospitalini tunawapanga wagonjwa kwa ukali wa ugonjwa, tujue nani aonwe kwanza. Jikoni wanawapanga hao hao kwa chakula kinachowafaa. Kwenye mafaili wamepangwa kwa majina. Watu ni wale wale."

"Sasa mpango sahihi ni upi?"

"Jiulize kwanza unataka kujua nini. Je, maji yanajali nguo ni ya nani?"

"Hayajali."

"Yanajali nini?"

Nilimgeukia mke wangu. "Muulize anayejua."

Mke wangu alijifuta mikono. Kisha akasema, "Kama rangi inachuja, na kitambaa ni cha aina gani. Nguo mpya ya rangi, lowesha pindo lake, likandamize kwa kitambaa cheupe. Kikishika rangi, ifue peke yake."

"Na tufanyeje zisipotee?" niliuliza.

"Tushone uzi wa alama ya mteja kwenye pindo. Nyuzi ninazo tangu mwaka juzi."

Tangu mwaka juzi! Nilitamani ardhi inimeze.

Tulimnunulia muuguzi sare mpya. Siku hizi beseni moja ni la nyeupe, moja la rangi, moja la zinazochuja, moja la sufu. Tukianua, tunazipanga upya kwa nyuzi. Haipotei nguo wala haiharibiki.

Wateja wakisifu, nasema kwa sauti, "Ni kazi ya mama watoto." Nilimsingizia mbele ya mtu, basi nimsifu mbele ya watu. Yeye huendelea kukamua shuka lake. Lakini maji yakiisha, huliacha.