Betri Isiguswe

"Usiguse betri!"

Mkono wa fundi Sadala uliganda, spana ikiwa juu ya nati.

Mgeni alisimama mlangoni mwa gereji, pale Korogwe. Shati lilimganda kwa jasho. Chini ya koti ililala bastola ya Browning yenye risasi kamili.

Aliitwa Hiza. Kazi yake haikutajwa popote.

"Kaka, kioo cha ramani kimekufa," Sadala alijitetea. "Hizi Mark II dawa yake moja tu. Unachomoa betri, unavuta sigara, unarudisha."

"Ukichomoa kinasahau kila kitu. Kisha kinadai namba ya siri, na anayeijua yuko Japani. Utamfuata?"

Sadala akacheka. Hiza hakucheka.

Tangu biashara ilegezwe, magari yenye vioo vya ramani yalimiminika nchini. Hili lilikuwa la Loserian, mwenzake katika Idara, aliyetumwa kuwawinda wasafirisha pembe za ndovu. Lilikutwa Mkumbara, kando ya barabara kuu. Askari waliipekua Mkumbara yote.

Loserian hakuonekana.

Nokia ililia.

"Mpingo?"

"Nakusikia, mzee," Hiza alimjibu mkuu wake, akiitikia jina lake la kazi.

"Lori la pembe linaondoka leo. Hatujui linatokea wapi."

"Na Loserian?"



"Tafuta lori, Mpingo."

Hiza alipiga magoti chini ya usukani na taa ya kupimia. Fyuzi ya kumbukumbu, nzima. Fyuzi ya kioo...

Hakuna.

Haikuungua. Ilichomolewa. Loserian alikizima kioo makusudi, ili atakayemnyang'anya gari asijue kwamba chini ya kiti kuna chombo kinachoandika njia.

Basi alijua atanyang'anywa.

Hiza alichomoa fyuzi ya kiwasha sigara, akaipachika.

Kioo kikawaka. Sauti ya mwanamke ikasalimu kwa Kijapani. Ramani ya Tanzania haikuwamo; palikuwa na weupe mtupu, na juu yake nukta nyekundu za njia ya gari, duara ndani ya duara.

"Kimeharibika kabisa," alisema Sadala. "Ona kinavyozunguka kama pia!"

Lakini Hiza alimfahamu mzungukaji. Loserian alilelewa nyuma ya ng'ombe. Awe anatafuta mtamba aliyepotea au anaiendea nyumba ya mtu asiyemjua, hakwenda moja kwa moja hata siku moja. Alizunguka kwanza, duara likipungua, akiusikiliza upepo. Hiza alimtania miaka yote kwa hilo.

Katikati ya duara nukta zilirundikana. Kutoka hapo mstari ulinyooka hadi Mkumbara.

Mstari ule haukuwa wa Loserian.

Hiza alilinganisha vipimo vya kioo na ramani yake ya karatasi.

Nyika. Nyuma ya Misima, penye ghala moja tu.

"Mzee, leta askari Misima. Ghala lililo katikati ya nyika."

"Una hakika?"

"Loserian ana hakika."

Lori lilikuwa linatoka ghalani Hiza alipofika. Browning ilibweka mara mbili. Matairi ya mbele yakapasuka, lori likainama kama ngamia. Magunia ya mahindi yaliporomoka, na pembe zikachungulia.

Muhidini, mwenye ghala, alishuka mikono juu.

"Nani amekuelekeza?"

"Rafiki yangu. Yuko wapi?"

Muhidini alielekeza kidevu kwenye rundo la miiba, juu ya udongo mbichi.

Askari walipowasili, walimkuta Hiza akiondoa miiba kwa mikono mitupu.

Siku ya pili aliliendesha gari hadi bomani kwa Nasinkoi, dada yake Loserian.

"Umempata?"

"Nimempata, dada. Pole." Aliwasha kioo. Alidhani kitamfariji. "Tazama. Hizi ndizo nyayo zake za mwisho."

Nasinkoi alikifunika kwa kiganja.

"Kaka, kwetu aliyeondoka hatajwi jina. Kitu hiki kinamtaja."

"Nitakizima."

"Kesho si kitawaka tena? Kifanye kisahau."

Nokia ililia.

"Mpingo, lete gari. Kile kioo ni ushahidi."

Hiza alimtazama Nasinkoi. Kiganja chake kilikuwa bado pale pale.

"Kimeharibika, mzee."

Alifungua boneti, akalegeza nati, akachomoa waya wa betri. Alingoja. Akaurudisha.

Kioo kiliwaka cheupe. Kikadai namba ya siri.

Alimkabidhi Nasinkoi ufunguo, akafunga vifungo vya koti, akaondoka kwa miguu. Barabara ilikuwa mbele yake, imenyooka.

Hakuifuata. Alilizunguka boma kwanza.