Waliifungua Kamba ya Gobore la Baba

Nina miaka arobaini na tatu, sina mume, na mguu wangu haujawahi kutulia. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka kwetu Tabora nikaenda Mwanza. Mwanza sikukaa. Nikaenda Dar es Salaam, nikavuka hadi Muscat, nikarudi, nikaondoka tena... Safari ya mwisho ilikuwa Riyadh, miaka ile mawakala walipokuwa wakipita mtaa kwa mtaa kutafuta wanawake wa kazi za ndani. Hiyo ndiyo safari ninayoililia hadi leo.

Baba yangu alikuwa fundi wa magobore, mwenye kibali cha serikali. Mimi ndiye niliyemvutia mivukuto tangu utotoni, maana mdogo wangu Juma alikuwa akiona moshi tu, anatoka mbio. Baba aliwatengenezea wawindaji wa vijiji vyote vya jirani, lakini la kwake mwenyewe halikuisha! Mtutu tayari, triga tayari, vyote vimefungwa kwenye gunia juu ya dari. Kilichobaki ni kitako, ule mti unaoegemea bega. Kila mwaka ulikuja na sababu yake. Mara mama anaumwa, mara mteja ana haraka. Mwishowe mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, gogo la mninga likiwa limechongwa nusu.

Kitako hakichongwi kwa kukisia. Hupimwa kwenye mwili wa atakayelipiga gobore: kutoka kiwiko hadi kidole cha triga, kutoka bega hadi shavu. Baba alinipa kamba ya katani nimpime, na kwenye kila kipimo tukafunga fundo. Alikuwa na ombi moja tu, apige gobore lake mwenyewe walau mara moja kabla hajafa. Hata kama haoni!

Ningeweza kubaki nikamaliza. Lakini visa ilikuwa imetoka, na miguu ilikuwa inaniwasha. Nikamwambia baba nitachonga hukohuko, nirudi nacho kikiwa tayari. Nikaviringisha gogo na kamba ndani ya khanga, nikavisukumia chini ya begi.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, ukuta mrefu, madirisha yenye mapazia mazito. Kulikuwa na siku ambazo neno pekee nililoambiwa lilikuwa "yalla", yaani haraka. Baada ya chakula cha mchana madam na mumewe walilala, nami nikapanda juu ya paa, kwenye kivuli cha matangi ya maji. Nilichonga kwa kisu cha jikoni, nikakwangua kwa kipande cha chupa. Mninga ukipata joto hutoa harufu... Jamani, nililia peke yangu huko juu!

Chumba nilikaa na Mercy, Mkenya wa Nakuru. Ndiye mtu pekee niliyecheka naye katika mji ule mzima.

"Wee Mwajuma, hizo mafundo zako!" alikuwa akinitania. "Nyinyi watu wa Bongo mnaroga hadi mbao?"

"Namroga madam apunguze vyombo," nikamjibu.

"Basi ongeza fundo ya kupiga pasi!"

Tulicheka mpaka tukaziba midomo kwa mito. Ningejua kicheko kile kingenifikisha wapi!

Kitinda mimba wa madam akashikwa na homa. Akapelekwa hospitali, akarudi, homa nayo ikarudi. Madam akaanza kutuangalia vingine. Siku moja akamwita Mercy jikoni, akamuuliza kama ameona kitu chochote cha ajabu chumbani. Mercy aliogopa lawama isije ikamwangukia yeye. Akasema yote. Akasema nina mti, nina kamba yenye mafundo, na kwamba mwenyewe nilitamka kuwa namroga madam...

Begi langu lilimwagwa sakafuni.

"Sihiri!" madam alipiga kelele. "Sihiri ndani ya nyumba yangu!"

"Mafi sihiri, hakuna uchawi, madam! Hii ya baba yangu, ya bunduki!"

Masikini, hata Waarabu wana neno hilohilo, bunduki! Nilikuwa najitetea, kumbe nazidi kujichimbia kaburi.

Mimi nimesoma madrasa. Najua kamba yenye mafundo inavyoogopwa, na kila siku nasoma dua ya kujikinga na ubaya wake. Ilikuwaje sikuwaza? Nilizoea kuishika kama ninaushika mkono wa baba, basi.

Wakamwita shehe. Akaja na bakuli la maji, akakaa, akaanza kufungua mafundo mojamoja huku akisoma. Nilisimama mlangoni nikitazama. Fundo la kiwiko... Fundo la bega... Fundo la shavu... Ikabaki kamba tupu, imejikunjakunja. Kisha wakaichoma.

Bosi, mume wa madam, hakutaka habari za polisi. "Halas, imetosha," alisema, "arudi ofisini kwao." Gogo langu alilitupa mwenyewe juu ya begi, kwa ncha za vidole. Mercy hakushuka kuniaga.

Ofisi ya mawakala ikanipeleka Jeddah, kwa bibi mmoja mjane jirani na mtaa wa Sharafiya. Huyu hakuwa na makuu. Aliniruhusu ninunue simu, na mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Juma, ili ampime baba upya.

"Dada... mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia umejikunja. Haunyooki tena."

Nikakaa chini, palepale kwenye ngazi. Akampa baba simu. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburuzika.

"Pima... wako."

"Wangu upi, baba?"

"Mkono wako. Pima huo."

"Baba, mimi ni mwanamke! Wataniachia nishike gobore?"

Akakoroma kidogo, nikajua anacheka. "Juma apime wake? Huyo... hata jongoo anamkimbia."

"Mzee, nakusikia!" Juma akasema pembeni.

Basi nikajipima. Nikachonga barazani kwa bibi, nikapiga msasa, nikapaka mafuta hadi mti ukang'aa. Nilipomaliza niliomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Kafili, mdhamini aliyeshika mkataba wangu, hakukubali, mkataba haujaisha. Nikaomba tena... na tena... Nilikuwa napiga pasi shuka za bibi wakati Juma aliponipigia kuniambia baba amefariki. Mazishi niliyasikiliza kwenye simu. Nilisikia majembe, nikasikia watu wakikohoa vumbi, kisha salio likaisha.

Niliporudi Tabora, baba mdogo, naye mwindaji mwenye kibali, aliteremsha gunia kutoka darini. Mtutu ukalala kwenye kitako bila kulazimishwa. Akajaza baruti bila risasi, akashindilia, akaweka fataki, akanikabidhi mbele ya watu wote. "Shika," alisema. "Limekatwa kwa mwili wako, mwingine halitamkaa."

Nilipiga. Wanawake wakapiga vigelegele, mbuzi wakakata kamba. Nami nikageuka nyuma haraka kuutafuta uso wa baba, anikemee, aniambie nimelikaba mno, au bega nimelitoa nje... Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa jiko.

Wenzangu mnaosoma, Mercy simlaumu tena. Hofu ya kuishi ndani ya nyumba ya watu naijua, na mizaha ya kwetu ningeiacha kwetu. Ninachowasihi ni hiki: kama mzazi wako ameanza kitu na anakusubiri wewe, hata kama ni mkeka wenye pindo moja tu lililobaki, kaa naye chini mmalize. Usikifungashe kwenye begi! Visa hutoka nyingine. Mimi gobore langu limekamilika, watu wanalisifu, nalipaka mafuta kila Ijumaa. Na sina wa kumuuliza kama nimelipatia.